Sushi ya Bukoto: pima wali kabla ya samaki

Agiza kwanza maki ya tango, yaani wali na tango vilivyoviringishwa kwa karatasi ya mwani. Ndiyo maki ya bei ya chini kabisa kwenye menyu na ndiyo isiyoficha kitu: wali, siki, mwani, tango, basi. Wali ukiwa mbovu hapo, hata samoni aliyepanda ndege kutoka Norwe hadi Entebbe hatauokoa. Katika mgahawa huu mdogo wa Bukoto, Kampala, wenye meza nane na kaunta ya viti vitano, maki ya tango ni shilingi 12,000 kwa vipande sita, na wali wake ni wa mtu aliyefundishwa akafundishika.

Wengi wakiketi kwa mara ya kwanza huuliza kama samaki ni mbichi. Neno sushi kwa Kijapani lahusu wali uliotiwa siki. Samaki mbichi mtupu, bila wali, huitwa sashimi. Na nigiri, lile tonge dogo lenye kipande cha samaki juu, lilipata umaarufu kama chakula cha kando ya barabara huko Edo, Tokyo ya leo, katika karne ya 19. Mtu anasimama, anakula vipande viwili vitatu, anaendelea na safari. Jamaa ya rolex ya Wandegeya, ile chapati ya kukunjwa na mayai, kwa kifupi. Kwa hiyo sushi ya bei nafuu si kichekesho. Kinachotia shaka ni sushi ya bei nafuu yenye menyu ya kurasa kumi.

Menyu ya hapa ni ukurasa mmoja, na samaki mbichi ni wawili tu, samoni na jodari. Hiyo ni hesabu ya mtu anayejua biashara yake. Uganda haina bahari. Samoni anakuja kwa ndege, na jodari ama kwa ndege ama kwa lori la friza kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita elfu moja na foleni ya mpakani juu yake. Mgahawa wenye wateja thelathini kwa siku ukiorodhesha aina nane za samaki mbichi, fahamu kwamba sita kati yao wamelala kwenye friza wakisubiri mtu wa kuwataka.

Sasa wali wenyewe, maana ndiko pesa yako inakokwenda. Mchele wa sushi ni wa nafaka fupi na nene, ambao ukiiva hushikana bila kupondeka. Super na kaiso, aina za mchele wa sokoni, ni tamu kwa pilau na kwa maharage, lakini hazina mshiko huo. Mpishi anayebana gharama huongeza maji mpaka super ishikane kwa nguvu, na matokeo yake unayajua ukitafuna: wali unaganda kwenye meno kama ugali wa jana. Njia ya kukagua ni rahisi. Fungua kipande kimoja kwa vijiti. Punje zikionekana mojamoja na bado zimeng'ang'aniana, mchele ni wenyewe. Ukiona donge laini lisilo na punje, usiagize kitu kingine.

Kipimo cha kawaida kwa kilo moja ya mchele mkavu ni siki ya mchele mililita 150 hivi, sukari gramu 70 na chumvi gramu 20. Mchele huoshwa mara nne au tano mpaka maji yawe karibu maangavu, huloweshwa nusu saa, kisha hupikwa kwa maji yanayozidi mchele kidogo tu. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Mpishi anayefuata maelekezo ya pakiti neno kwa neno hupata punje yenye kiini kigumu. Dawa yake ni maji kidogo zaidi na dakika kumi na tano za kuuacha wali ujimalizie na mfuniko wake, bila mtu kuchungulia. Siki humwagwa wali ukiwa bado unatoa mvuke, na mwiko hukata wali kama kisu. Ukikoroga kama unasonga ugali umeuponda. Wakati huohuo mtu apepee, ili unyevu wa juu ukauke na punje ing'ae.

Hapa wanapata ng'aro hiyo. Wanachokosea ni utamu: sukari imezidi kwa kiasi unachokihisi kuanzia kipande cha nne, kosa la sushi nyingi za Kampala, kana kwamba kuna aliyeamua kwamba mteja wa huku hatapenda siki. Siki haipo kwa ladha pekee. Wali uliopikwa ukikaa vuguvugu saa nyingi huzalisha bakteria wa kuumiza tumbo, na uchachu wa siki ndio unaowazuia. Anayepunguza siki ili kumfurahisha mteja anapunguza pia ulinzi wake.

Joto la wali ni jambo la pili. Tonge linatakiwa liwe na joto la mkono, si baridi. Wali ukiingia friji wanga wake hukaza na punje huwa ngumu kama zile za sahani iliyosahaulika, hata siki iwe nzuri vipi. Ndiyo maana sushi ya supamaketi, ile ya kwenye kisanduku cha plastiki karibu na mtindi, haifai bei yoyote. Mgahawa huu huweka wali wake kwenye hotpoti kubwa na kupika mara mbili kwa siku, kabla ya saa sita mchana na kabla ya saa kumi na mbili jioni. Panga safari yako kwa ratiba hiyo. Saa saba mchana na saa moja jioni wali uko katika ubora wake. Saa kumi alasiri unakula mabaki ya mchana, na tofauti inaonekana wazi.

Mwani ndio uliowashinda. Nori ni karatasi ya sentimita 19 kwa 21, kavu kama jani la ndizi lililoanguka kiangazi, na inatakiwa ivunjike kwa mlio ukiuma. (Si mwani ule wanaolima akina mama wa Zanzibar, huo ni aina nyingine, hupelekwa viwandani.) Adui wake ni unyevu. Pakiti ikifunguliwa asubuhi ya mvua ya Aprili na kuachwa wazi kaunta, kufikia jioni nori imelegea, na ukiuma maki unavuta kama unararua ngozi. Hapa pakiti hukaa wazi karibu na sinki. Kuipitisha karatasi juu ya moto wa gesi kwa sekunde chache kila upande kungeirudishia uhai, na kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vingezuia tatizo lisitokee. Siku ya jua kali huoni kasoro. Siku ya mvua, agiza nigiri, ambayo haihitaji nori.

Samoni wao ni mzuri: rangi ya chungwa iliyotulia, mistari myeupe ya mafuta iliyonyooka, harufu karibu hakuna. Kwa nigiri, kipande cha samaki kiwe gramu 12 hadi 15 juu ya wali wa gramu 15 hadi 20. Hapa kipande ni chembamba kidogo kuliko hapo, lakini kinafunika wali wote mpaka pembeni, na kwa shilingi 16,000 vipande viwili hakuna wa kulalamika. Kaa kaunta utazame kisu. Mpishi anakata kwa mvuto mmoja mrefu kuelekea kwake, kisha anafuta ubao. Samaki anayekatwa kwa kusukuma na kurudisha, kama mtu anayepasua mkate, hutoka na uso wenye manyoya na hushika harufu upesi.

Jodari ni habari nyingine. Anakuja mwekundu ang'avu, rangi ya tikiti maji, na rangi hiyo haibadiliki hata akikaa sahani dakika ishirini. Jodari halisi huwa na wekundu mzito na huanza kuwa wa kahawia hewa ikimpiga. Rangi ya tikiti kwa kawaida inatokana na samaki kupulizwa gesi ya kaboni monoksaidi kabla ya kugandishwa, jambo linaloruhusiwa Marekani na kukatazwa katika Umoja wa Ulaya. Gesi yenyewe kwa kiasi hicho haikudhuru. Ubaya wake ni kwamba inakunyang'anya kipimo cha jicho, kwa kuwa samaki aliyechoka anabaki na sura ya aliyevuliwa jana. Na jodari akikosa baridi njiani hutengeneza histamini, kemikali ya sumu ambayo haiondoki kwa kugandishwa wala kwa kupikwa. Ukihisi ulimi unawashwa kama umelamba pilipili wakati hukuitia, weka vijiti chini. Uso ukianza kuwa moto na kichwa kugonga ndani ya saa moja, mzizi ni huohuo, na ukihisi pumzi inabana usikae nyumbani, nenda hospitali.

Basi chukua samoni, mwache jodari.

Kuhusu minyoo, ambayo ndiyo hofu kubwa ya shangazi zetu wakisikia samaki mbichi: kanuni ya Marekani inataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, au apigwe baridi kali ya nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Samoni wa kufugwa kwa chakula cha viwandani na jodari wale wakubwa hatari yao ni ndogo, na hata kanuni hizo huwapa nafuu. Ila kugandisha kunaua minyoo tu. Bakteria husinzia na kuamka samaki akiyeyuka. Ndiyo sababu kukatika kwa umeme ni habari ya sushi. Samaki aliyeyeyuka usiku na kugandishwa tena asubuhi huvuja maji. Angalia sahani chini ya kipande: ukiona kidimbwi, au nyama imelegea kama sponji, rudisha bila aibu. Hapa wana jenereta na hakuna dalili hiyo iliyoonekana kwa samoni. Swali la kumuuliza mhudumu ni moja: "Dada, samaki amefika siku gani?" Anayejua siku anajibu hapohapo. Anayesema "kila siku freshi" hajui.

Na samaki wetu wa ziwani? Ngege (sato) na sangara, mputa kama wanavyomwita wachuuzi wa Ggaba, wasiliwe wabichi, iwe kwa siki, kwa ndimu au kwa jina la kisasa. Samaki wa maji baridi hubeba minyoo wanaoweza kumwingia binadamu, na ufukweni karibu na jiji kuna mengine yanayoingia majini. Wajapani wenyewe tangu zamani huwaendea wa maji baridi kwa tahadhari. Lakini wakipikwa, mambo hubadilika, na hapa ndipo mgahawa huu unapostahili safari ya boda.

Maki ya mputa ni shilingi 26,000 kwa vipande vinane. Mnofu unakatwa kijiti cha unene wa kidole, unatiwa chumvi, unaviringishwa kwenye unga, yai na chenga za mkate, kisha unakaangwa kwa mafuta moto sana kwa dakika mbili tatu. Wali uko nje, nori ndani, na juu yamenyunyizwa simsim (ufuta) ya kukaanga yenye harufu ya nyumba ya Lira, kaskazini mwa Uganda. Pembeni mwa samaki kuna parachichi. Mputa ana nyama nyeupe yenye mafuta kidogo na isiyo na miba midogo, kwa hiyo anabaki na unyevu ndani ya ganda linalovunjika. Sharti lake ni muda. Akikaangwa mapema na kusubiri, ganda hunyonya unyevu wa wali na maki nzima inakuwa kama chapati iliyofungwa ndani ya mfuko. Wateja wakiwa wachache anakaangwa unapoagiza. Ijumaa usiku anakaangwa kwa mafungu. Utalijua hilo kwa masikio: usiposikia mafuta yakilia baada ya kuagiza, ni wa akiba.

Parachichi nalo lina somo. Yale makubwa ya kijani ya sokoni ni matamu kwa mkate lakini yana maji mengi, hukatika vibaya na kuteleza ndani ya maki. Parachichi aina ya Hass, dogo lenye ngozi nyeusi ya makunyanzi, lina mafuta zaidi na hushika umbo. Hapa wanatumia chochote kilichopo, na siku ya parachichi kubwa maki hufumuka kwenye vijiti. Hakuna dhambi katika kutumia mkono. Hata Japani sushi huliwa kwa mkono.

Maki inayoitwa ya kaa haina kaa. Vile vijiti vyeupe vyenye ukingo mwekundu ni samaki wa bei rahisi aliyesagwa, akachanganywa na wanga, sukari na ute wa yai, akapakwa rangi. Si uongo menyu ikisema hivyo, ila ya hapa haisemi. Kwa 24,000 unalipia wanga, na mayonezi ya pilipili iliyomwagwa juu yake imekusudiwa usitambue. Kanuni ya jumla kwa jiji hili: kadiri sosi zinavyozidi juu ya maki, ndivyo kilichomo ndani kinavyopungua thamani.

Kamba ni wa kuchemshwa, wa kawaida, ruka. Yai la kukunjwa, lile la matabaka lenye utamu, ni shilingi 8,000 kwa vipande viwili na limepikwa kwa mkono mwepesi. Mji unaokunja rolex usiku kucha hauwezi kukosa mtu wa kazi hiyo.

Wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, ni ya unga, kama ilivyo karibu kila mahali nje ya Japani: mzizi mwingine mkali, haradali na rangi ya kijani. Unga huo ukikorogwa kwa maji unahitaji dakika tano hadi kumi, umefunikwa, ili ukali wake utoke, na baada ya saa chache ukali huyeyuka. Ukiletewa wasabi isiyopanda puani, imekorogwa tangu mchana, omba nyingine. Tangawizi ya siki hapa wanatengeneza wenyewe, ina rangi ya maziwa badala ya ile ya pinki ya chupa, na ni ya bure. Iliwe kati ya aina moja ya samaki na nyingine kusafisha ulimi, isibebeshwe juu ya kipande. Sosi ya soya chovya upande wa samaki. Wali ukichovywa hunywa chumvi yote na kusambaratika ndani ya kibakuli.

Kwa Waislamu, ulizeni kuhusu mirini, divai tamu ya mchele inayotiwa kwenye sosi nzito ya kahawia na mara nyingine kwenye siki ya wali. Mgahawa huu hautii kwenye wali, ila unatia kwenye sosi ile, kwa hiyo semeni "bila sosi ya juu". Supu ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa, imetengenezwa kwa mchuzi wa samaki mkavu, hivyo asiyekula samaki asidanganyike na tofu inayoelea. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Wajawazito, watoto wadogo na yeyote ambaye kinga yake ya mwili iko chini wabaki upande wa mputa, yai na tango, na hawatapunjika.

Bei zote za menyu zimejumuisha VAT ya asilimia 18, jambo la kuwashukuru. Kwingine mlo wa 50,000 hugeuka 59,000 mlangoni, kabla hujamfikiria mhudumu. Seti ya mchana ni 38,000: maki ya tango sita, nigiri mbili za samoni, yai moja na supu. Ukiinunua kimoja kimoja haizidi 36,000 bila supu, kwa hiyo punguzo, kama lipo, limo kwenye supu tu. Kwa watu wawili, agizo la akili ni maki ya tango, maki mbili za mputa na nigiri nne za samoni. Jumla 96,000, na mtatoka mmeshiba.

Kupelekewa nyumbani kuna masharti. Nori hulowa ndani ya nusu saa, na foleni ya Kira Road jioni haimjali mtu. Ukiwa Ntinda, Kamwokya au Kisaasi, sawa. Ukiwa Munyonyo, pika kitu kingine. Usiagize cha kukaangwa, maana mvuke wa kisandukuni hukilainisha kabla boda hajavuka mzunguko wa kwanza. Omba sosi zifungwe pembeni, na kisanduku kibebwe kwenye begi la mgongoni, si kuning'inizwa kwenye usukani. Kikifika, samoni anayehisi vuguvugu mdomoni asiliwe, na kilichobaki kisiwekwe friji kwa ajili ya kesho.

Malipo ni taslimu au simu. Mashine ya kadi ipo, lakini mara nyingi "netiweki haipo". Maegesho ni ya magari manne. Kaunta haipokei nafasi ya kuwekewa, fika kabla ya saa moja usiku. Jumatatu wamefunga.